Firigisi ya Wawuda

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na anayetafuna amalize kutafuna. Hadithi hii haitaki wasikilizaji tu. Mwishoni inataka hakimu.

Kule kwenye vilima vya Taita, mahali ukungu unapolala juu ya kabichi mpaka jua liupandishe, palikuwa na nyumba tatu zilizofundisha watoto wao nyumbani. Kazi za kila siku kila nyumba ilifanya peke yake, lakini yale yanayonoga kwa wingi waliyafanya pamoja: useremala kwa huyu, hadithi kwa yule, upishi na bustani kwa mwingine. Watoto walipita vijia vya matuta, kutoka ua huu hadi ua ule, na kila mlango ulikuwa darasa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Righa, seremala, baba wa Mwakio. Kipawa chake kilikuwa kumfanya mtoto akae. Mtoto asiyetulia hata akila, ukimwacha karakanani kwa Righa utamkuta palepale, ameshika randa, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Malemba, mama wa mapacha. Kipawa chake kilikuwa kumfanya mtoto atake. Akisoma hadithi, fisi alikuwa fisi kweli, na watoto walikunja miguu wasije wakaumwa vidole.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mghoi, na Mghoi hakujua kama ana kipawa. Aliishia darasa la saba. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wakikusanyika alipenda kukaa karibu na sufuria, apate sababu ya kuinuka.

Mghoi alikuwa na binti mmoja, Wawuda. Mtoto huyu alijua kila ndege kwa mlio wake, na aliweza kukuambia kabichi ipi imeingiwa na mdudu kabla hujainama. Lakini ukimfungulia kitabu, anakimbilia kwenye banda la kuku. Zamani, alipokuwa bado shuleni, alisimamishwa asome, akakwama, na darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo kila ukurasa ulikuwa unamcheka.

Baba yake, Mwanyumba, alifanya kazi Voi na kurudi mwisho wa mwezi. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja alimwambia mkewe kwa upole, "Mama Wawuda, sikulaumu. Lakini wewe mwenyewe ni wa darasa la saba, utamfundisha nini? Mvua za vuli zikianza kabla hajasoma, nampeleka shule ya bweni."

"Sawa," Mghoi akajibu, akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani.

Wawuda alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia neno bweni, akaenda kujificha kwenye banda la kuku.

Habari ilipofika kwa Righa, alimwita mtoto karakanani, akamwonyesha vipande vya mbao.

"Hiki ni kigoda chako, ila bado hakijijui. Ukisoma ukurasa mmoja, unapiga msumari mmoja. Hakuna ukurasa, hakuna msumari."

"Na nikikosea, Baba Mwakio?"

"Nyundo haiulizi umekosea mara ngapi. Inauliza umemaliza?"

Wawuda akakaa. Macho yalienda mlangoni, lakini alikaa, maana alikitaka kile kigoda. Tena alikuwa mjanja: alitazama picha, akabuni maneno, akaomba msumari. Righa alimsikiliza huku akicheka kimoyomoyo, akamrudisha mwanzo wa ukurasa. Basi kukaa alikaa, lakini kusoma bado.

Malemba naye alifanya lake. Alhamisi, siku ya hadithi, aliwakusanya watoto akawasomea habari za fisi aliyeoa kwenye ukoo wa mbuzi. Walipofika mahali ambapo bibi harusi anakaribia kufunua chungu aone wamepikwa nani, Malemba akafunga kitabu, pa!

"Koo limenikauka."

"Mama Pacha, usitufanyie hivyo!"

"Nimewafanyia nini? Kitabu hicho hapo, sikukificha."

Mwakio alikuwa karakanani kwa baba yake, na wengine wote walikuwa wadogo, hawajui hata herufi. Wakageuza macho kwa Wawuda. Wawuda akakichukua kile kitabu, akakikumbatia njia nzima mpaka nyumbani. Sasa alitaka. Lakini kila alipokifungua, kile kicheko cha zamani kilirudi masikioni, akakifunga.

Mghoi hakuwa na mbao, wala hakuweza kulia kama fisi. Alichofanya ni kuacha kumwambia mtoto asome. Badala yake, mchana, maharage yakichemka, alikaa kwenye mkeka na kijitabu cha magonjwa ya kuku, akasoma mwenyewe. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, akikwama na kurudi.

"Mama, umekwama?"

"Nimekwama."

"Sasa?"

"Sasa narudi nyuma kidogo. Maneno hayaendi popote, yananingoja."

"Huoni haya?"

Mghoi, ambaye aliona haya hata kununua chumvi, alifikiri kidogo. "Naona. Lakini nataka kujua kuku wangu anaumwa nini."

Kesho yake Wawuda alikuja kukaa ubavuni mwake na kitabu cha fisi. Vidole viwili vikatembea kwenye kurasa mbili, minong'ono miwili ikapishana, na hakuna aliyecheka. Maharage yaliungua siku hiyo, yakaliwa hivyohivyo. Karakanani nako misumari ikaanza kuingia kwenye kigoda, ukurasa kwa ukurasa.

Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya nyumba tatu zilipokutana uani kwa Righa kula pamoja. Mwanyumba alikuwapo. Wawuda akaja na kigoda chake, akakikalia mbele ya watu, akafungua kitabu.

Alisoma vizuri, kisha akakwama. Pacha mmoja akacheka. Mghoi aliinuka aende kwenye sufuria, akajizuia, akaketi tena. Wawuda aliweka kidole, akarudi nyuma kidogo, akapita. Alisoma mpaka chungu kikafunuliwa, na ndani mlikuwa na viazi tu, na fisi akalia kwa hasira, na watoto wakapiga makofi.

Mwanyumba alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Hakuna bweni," akasema. "Ukienda, nikirudi nani atanisomea mimi?"

Sasa sikilizeni vizuri. Nyumba zile zina desturi yao. Mtoto akivuka jambo lililomshinda, kuku anachinjwa, na mtoto mwenyewe anapeleka firigisi kwa aliyemfundisha. Firigisi haikatwi. Waliwahi kuikata, Mwakio wa Righa alipojifunza kugawanya, na kila mtu akarudi nyumbani akisema cha kwake ndicho kilichokuwa kidogo.

Wawuda akapewa sahani. Firigisi moja, katikati.

"Angalia umekalia nini, mwanangu," Righa akakohoa.

"Amekalia mbao," Malemba akadakia. "Ungemwachia misumari yako tu, leo angekuwa na duka la vigoda na hawezi kusoma jina la mlangoni."

"Na wewe ungemwachia fisi wako, angekuwa anakimbia mpaka sasa."

Watu wakacheka. Mwanyumba akasema, "Mpelekee mwalimu wako, tumjue."

Mghoi alitazama chini. Aliitaka firigisi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Si kwa utamu. Alitaka, mara moja tu, mumewe amwone akiitwa mwalimu.

Righa akaacha mzaha. "Bila kigoda hangekaa."

"Bila hadithi angekaa akitazama ukuta," Malemba akasema taratibu.

Wote wakamgeukia Mghoi aseme lake. Akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Wawuda ndiye aliyesema. "Bila Mama ningekaa, na ningetaka, na ningeogopa mpaka leo."

"Basi mpe mama yako," Mwanyumba akasema.

"Lakini Baba, Mama hakujua kama ananifundisha. Alikuwa anasoma mambo ya kuku wake."

Uani pakalipuka kicheko, na Mghoi naye akacheka. Lakini ni yeye peke yake aliyejua kwamba mwaka ule hakuna kuku wake hata mmoja aliyeugua. Kukwama kulikuwa kwa kweli. Kuku tu ndiye asiyekuwa mgonjwa. Angesema hivyo, huenda firigisi ingekuja kwake. Lakini mtoto angejua kwamba ile michana ya mkekani, aliyodhani ni yao wawili tu, ilikuwa somo kama masomo mengine. Mghoi akafunga mdomo.

Wawuda amesimama katikati ya ua. Kulia kwake yuko aliyemfanya akae. Kushoto yuko aliyemfanya atake. Mbele yake yuko aliyemtoa hofu.

Haya, hakimu ni wewe uliyesikiliza. Mtoto huyu aelekeze miguu yake kwa nani? Amua, lakini usikawie, maana firigisi ikipoa haitafuniki.