Kila Mmoja na Kanuni Zake

Wapendwa, kaeni. Kwaya imetuchezesha vya kutosha, acheni miguu ipumzike. Kabla sijaligusa somo letu, nataka niwasimulie habari ya dada mmoja na harusi ya mdogo wake.

Kulikuwa na dada mmoja huko Tukuyu, tumwite Tusekile, ambaye kazi yake ilikuwa kupika na kuhudumia kwenye sherehe. Harusi, kipaimara, mahafali, ukimwita anakuja na masufuria yake, sahani zake na wahudumu wake wenye sare za kijani, nawe unabaki kukaa na wageni wako. Alianza na jiko moja la kuni uani kwake. Mungu akambariki, kazi ikakua. Na kazi ikikua, si mnajua kinachofuata? Watu wanaongezeka, na watu wakiongezeka, maneno nayo yanaongezeka. Huyu anasema tulikubaliana hivi, yule anasema hatukusema hivyo.

Basi Tusekile akafanya jambo la busara. Akaketi, akaandika kanuni za kazi: chakula kinatoka saa ngapi, vyombo vinasafirishwaje, mgeni akimwaga soda nani anapangusa. Akaziweka mtandaoni kwenye faili moja la pamoja. Kila mfanyakazi akifungua simu yake analiona lile lile. Anayeona jambo halijakaa sawa, analiandika, na wenzake wote wanaliona hapo hapo. Jambo zuri au baya? Zuri sana. Wakaishi hivyo kwa raha.

Mpaka siku moja mhudumu mmoja, akitafuta kuongeza kile kiuso cha kucheka, akafuta ukurasa mzima. Hakukusudia, kidole kiliteleza tu. Naona wengine mnacheka. Ninyi hamjawahi kutuma ujumbe kwa mtu asiyehusika? Tusekile aliurudisha ule ukurasa, lakini hofu ilishamwingia. Akalifunga faili. Akawaita watu wake akawaambia, "Kuanzia leo mnasoma tu. Mwenye neno aje kwangu, nitaandika mimi."

Nao wakaja. Mama Lusajo, mpishi mkuu, alikuja akiwa bado anafuta mikono kwenye aproni. "Dada, ile kanuni ya kusubiri maharusi ndipo tupakue, inatuaibisha. Wali unakuwa jiwe."

"Nimekusikia, Mama Lusajo. Nitaliangalia."

Akaja Ambokile, dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. "Dada, siku hizi wageni ni wengi. Chakula na sahani haviingii tena safari moja."

"Nitaliangalia, kaka."

Akaja pia Anyosisye, kijana mpole aliyekuwa mkuu wa wahudumu, akasema wazee wanakaa na njaa huku vijana wa meza za mbele wanaongezwa. Naye akaambiwa lile lile. Na kweli Tusekile alikusudia kuliangalia, nisije nikaeleweka vibaya. Hakuwa na kiburi. Ila simu hii inaita, hajaimaliza nyingine inaita, anayeoa kesho anataka kubadilisha rangi ya vitambaa. Jua linazama na lile la kuangaliwa halijaangaliwa.

Sasa niwaulize, mtu akichoka kusubiri hufanya nini? Mama Lusajo alilinakili faili lile kwenye simu yake, akarekebisha palipomkera, akaliita Kanuni Mpya. Akawagawia wapishi wake. Ambokile naye akatengeneza lake, akaliita Kanuni Mpya Kabisa. Anyosisye akaja na Kanuni za Mwisho. Na mpishi mmoja aliyeona la Mama Lusajo lina kasoro, akatengeneza Kanuni za Mwisho Kweli. Kila mmoja akatulia moyoni, maana kazi yake sasa ilikuwa na utaratibu.

Ikafika harusi ya Bupe. Bupe alikuwa mdogo wa mwisho wa Tusekile, aliyebaki mikononi mwake tangu mama yao alipofariki. Tusekile ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyepokea posa. Alimwahidi, "Siku yako wewe utakaa tu. Mambo ya jikoni hutayasikia hata harufu yake."

Ibada ilikwenda vizuri. Baada ya ibada zikaja picha, na ninyi mnazijua picha za harusi. Wakapigwa wakiwa wamesimama, wakapigwa wakiwa wamekaa, wakapelekwa kwenye mashamba ya chai wakapigwa wakitembea. Tusekile alikuwa kwenye gari la bibi harusi, ameshika shela isiguse matope, moyo wake umejaa furaha mpaka amesahau njaa.

Huku ukumbini chakula kilikuwa kimeshafika. Ilipogonga saa nane, Mama Lusajo akaamuru kipakuliwe, kama Kanuni Mpya zinavyosema. Anyosisye akasimama mlangoni akanyoosha mikono, kwa sababu Kanuni za Mwisho zinasema maharusi waingie, kisha wazee waanze. Mama Lusajo akamwonyesha simu yake, naye akamwonyesha yake. Na wakati wanaonyeshana, mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Jamani, kwani sahani ziko wapi?"

Sahani zilikuwa kwenye kirikuu. Na kirikuu kilikuwa huko stoo, mbali na ukumbi, kimepakiwa vizuri, injini imezimwa. Kwenye nakala ya Ambokile, dereva haleti sahani mpaka mkuu wa wahudumu ampigie simu kwamba meza ziko tayari. Kwenye nakala ya Anyosisye hakukuwa na habari ya simu. Basi huyu anangoja simu, yule anangoja sahani. Walipokuja kupigiana, barabara ilikuwa bado ndefu.

Maharusi wakaingia kwa shangwe. Tusekile, akicheza nyuma yao, akaanza kuhisi kuna kitu. Watu walikuwa wanapiga makofi, lakini yalikuwa makofi ya njaa. Akatazama meza, nyeupe. Akaacha kucheza, akaenda moja kwa moja jikoni, akawakuta watu wake wamesimama na simu mikononi, wanasomeana.

"Nani amebadilisha kanuni zangu?" akauliza.

Mama Lusajo akasema taratibu, "Dada, hakuna aliyevunja kanuni. Tunazifuata." Na wote wakamnyooshea simu zao.

Wapendwa, mmesikia hilo? Siku ile jikoni hakukuwa na mkaidi hata mmoja. Wote walikuwa watiifu. Chakula kipo, wapishi wapo, wahudumu wapo, dereva yupo njiani, na ukumbi mzima una njaa.

Tusekile aliegemea ukuta. Akaikumbuka ahadi aliyompa mdogo wake. Machozi yalikuwa yanakaribia kabisa, mlango ukafunguliwa, akaingia Bupe mwenyewe, gauni amelikusanya kwa mikono miwili.

"Dada, wageni wanaulizana."

"Rudi ukakae, Bupe, nakuomba. Nitalimaliza."

"Chakula kipo?"

"Kipo."

"Kimeiva?"

Mama Lusajo akajibu, na aliumia kidogo kuulizwa, "Kimeiva tangu saa saba."

"Sasa kinakosekana nini?"

"Sahani," akasema Tusekile, na neno lenyewe likatoka kama kilio.

Bupe akachungulia dirishani. Nyuma ya ukumbi, kama ilivyo kila mahali Tukuyu, kulikuwa na migomba, majani mapana yanang'aa kwa mvua ya asubuhi. "Mbona zimejaa hapo nje," akasema, akavua viatu vyake virefu.

Basi ingekuwa vizuri mngekuwepo. Wajomba wa bwana harusi walivua makoti wakaingia migombani na mapanga. Shangazi zake wakapanga foleni ya kuosha majani. Mshereheshaji, kwa kuwa ni mjanja wa maneno, akatangaza kwamba maharusi wameamua kuwaheshimu wazee kwa kula kama zamani, na Bupe akapita meza hadi meza akitandika majani na gauni lake jeupe, mume wake nyuma amebeba ndoo ya maji. Wazee wakaanza kupakuliwa. Bibi mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu kanisani akaamka kabisa, akawa anawafundisha vijana wa mjini namna ya kulikunja jani ili mchuzi usikimbie. Watu wasiojuana wakala jani moja. Ambokile alipoingia anahema na sahani zake, ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi, zikatumika kwa keki. Na jioni, watu walipokuwa wanaaga, mama mmoja akamshika Tusekile mkono akasema, "Binti yangu anaolewa mwezi wa tisa. Na sisi tunataka hii ya majani."

Hadithi ingeishia hapo tungecheka tukaenda zetu. Lakini kulikuwa na Jumatatu.

Jumatatu wale watu walikuja kazini vichwa chini. Mama Lusajo alikuwa amefua aproni yake, ameikunja vizuri, amekuja kuirudisha. Wakamkuta Tusekile amepika chai mwenyewe, na maandazi yapo mezani. Akamwambia kila mmoja aisome nakala yake kwa sauti, tangu mwanzo. Wakasoma. Naye akasikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyolegea. Habari ya wali ilikuwa kweli. Habari ya kirikuu ilikuwa kweli. Habari ya wazee ilikuwa kweli kabisa.

"Mbona hamku..." akaanza, akaishia hapo hapo. Maana walikuwa wamemwambia.

Akanywa chai kidogo. Akasema, "Nimelifungua faili. Kila mmoja anaweza kuandika, kama zamani. Kidole kikiteleza, tutarudisha. Tutaandika pamoja, hapa hapa, leo. Ila nina ombi moja. Kila mtu afute nakala yake."

Hapo sasa ndipo penye kazi. Watu walewale waliolalamika faili limefungwa, walipoambiwa wafute vya kwao, vidole vikagoma. Mama Lusajo akaitazama simu yake kama mtu anayeambiwa auze ng'ombe. "Dada, si niibakize tu pembeni? Kwa usalama."

"Pembeni ndiko tulikotoka, Mama Lusajo."

Akafuta. Ambokile akafuta. Anyosisye akafuta. Ile ya Mwisho Kweli nayo ikafutwa, watu wakashangilia. Kisha Tusekile akalifungua lile faili la asili ili walirekebishe mstari kwa mstari, akaanza kusoma kwa sauti. Mstari wa kwanza kabisa, aliouandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, ulisema: Msimamizi atangulie ukumbini kabla ya chakula, wala asiondoke mpaka mgeni wa mwisho ale.

Akausoma tena, polepole.

Msimamizi alikuwa nani? Na siku ya harusi msimamizi alikuwa wapi? Kwenye mashamba ya chai, ameshika shela. Sawa, ni mdogo wake. Na harusi ya kabla ya hapo? Na ile ya kabla yake? Wote wakatazama ndani ya vikombe vyao.

"Na mimi nina nakala yangu," akasema Tusekile mwishowe. "Tena ni ya zamani kuliko zenu zote."

Ambokile, bila hila yoyote, akauliza, "Iko kwenye simu gani, Dada?"

Akaweka mkono kifuani. "Humu. Na humu imeandikwa mstari mmoja tu: haya yote yanawahusu ninyi."

Mama Lusajo akasogeza sahani ya maandazi mbele yake. "Hiyo ya humo haina kitufe cha kufuta," akasema. "Ukiisoma tena, sisi tukuambie?"

"Mniambie."

"Nawe utatujibu kwamba utaliangalia?"

Tusekile akaangua kicheko, wakacheka wote mpaka chai ikamwagika. Kisha wakaanza kuandika.

Sasa, wapendwa, na tujitazame sisi. Neno la Mungu hatulirekebishi, hilo tusilichanganye. Lakini yapo mengi tuliyokubaliana sisi kwa sisi tukiwa na akili zetu timamu. Mume na mke mlisimama hapa mbele mkasema maneno yale yale, mimi nikiwa shahidi. Mkatoka nje kila mmoja na nakala yake. Ya mume imeandikwa tutasaidiana, na pembeni kwa maandishi madogo, isipokuwa watoto wakilia. Ya mke imeandikwa tutaambiana kila jambo, isipokuwa lile la kaka yangu. Baraza la wazee, tulikubaliana kila neno lijadiliwe wote tukiwepo. Mbona mengine yanaishia getini? Kwaya, mazoezi ni saa kumi. Kwenye nakala ya nani imekuwa saa kumi na moja?

Na sisi tunaoongoza, akina baba, akina mama, wachungaji, ile yetu ya kifuani tunaijua wenyewe. Watu wanakuja na jambo la kweli, tunawajibu vizuri, kwa upole, na hatufanyi lolote. Halafu tunashangaa wanatoka wapi na kanuni zao.

Tena sikilizeni. Mkaidi ana nafuu, maana anajua amevunja, na siku moja atatubu. Lakini mwenye nakala yake anajua ametii. Utamwambia atubu nini?

Basi nawapa kazi ya wiki hii, nayo si nzito. Kila mmoja amtafute mtu mmoja anayeishi naye au kufanya naye kazi chini ya makubaliano mamoja. Muulize, "Hivi sisi tulikubaliana nini?" Kisha nyamaza, mwache amalize. Wengi mtacheka, nawaambia, mtacheka sana. Na wengine mtagundua kwamba yule uliyekuwa ukigombana naye miaka yote hii, kumbe alikuwa anatii.

Tusimame tuombe.