Dishi Lililosikiliza Nyota

Kisa hiki nilihadithiwa kwanza na Mama Swaumu, jirani yangu, tukiwa kwenye benchi la kliniki tukisubiri watoto wetu wapimwe uzito. Naye alikipata kwa mtu mwingine. Nakiandika kama nilivyokisikia.

Palikuwa na profesa mmoja, jina lake Yeremia Chilongani. Kazi yake ilikuwa kutafuta kama kuna viumbe hai mahali pengine, mbali na dunia yetu. Alijengewa dishi kubwa kuliko kanisa, kwenye mbuga kavu karibu na kijiji alichozaliwa. Dishi hilo lilikuwa la kusikiliza. Kama huko kwenye nyota kuna mtu mwenye mtambo, mlio wake ungenaswa hapo.

Tatizo ni kwamba lilikuwa na masikio mepesi mno. Simu moja ikiwashwa kijijini ilitosha kufunika nyota zote. Kwa hiyo wanakijiji waliombwa wakabidhi simu zao, zikazimwa na kufungiwa kwenye sanduku la chuma pale kituoni kwenye dishi. Profesa naye akaweka yake, ili watu waone kwamba hajipendelei.

Aliyebaki wa mwisho alikuwa mama yake mzazi, Bibi Foibe, aliyeishi peke yake. Profesa alimkuta anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama. Nimefuata simu."

"Marahaba, baba. Hata hiki kitochi changu, kisimu kidogo hivi, kinawasumbua watu wa nyota?"

"Kinawasumbua, mama."

"Na mimi nikikuhitaji?"

"Nitakuwa nakuja kila Jumapili."

Bibi Foibe akacheka. "Haya. Wao wakiita utaitika papo hapo. Mimi niliyekuzaa ningoje Jumapili."

Profesa alicheka pia, lakini aibu ilimshika. Mama akamshika mkono. "Niachie tu, baba. Nitaizima. Sitaiwasha mpaka nione kifo kinaingia mlangoni."

Akamwachia. Hakumwambia mtu.

Jumapili ya kwanza alikwenda. Ya pili alikwenda, akakaa kidogo. Baadaye kazi zikawa nyingi, akawa anamtumia mama yake salamu kupitia akina mama waliopeleka maji kituoni. Nao walirudi na jibu lilelile: "Anasema ni mzima. Anasema uendelee kusikiliza."

Miezi ikapita. Nyota hazikusema kitu. Wenzake wa mjini wakaanza kumtania, "Vipi, Profesa, wageni wako bado hawajabisha hodi?" Alikuwa akitabasamu, lakini maneno yale yalimwingia.

Siku moja asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mtambo ukalia. Mlio mfupi, mlio mfupi, kimya. Kisha tena, mlio mfupi, mlio mfupi, kimya.

Profesa akainuka kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. "Damari! Unasikia?"

Damari alikuwa fundi wa mitambo. Akasikiliza, akasema, "Nasikia. Tugeuze dishi kwanza, Profesa. Tukiligeuza na mlio ukaendelea, basi hautoki juu. Utakuwa ni kitu cha hapahapa chini."

"Na nikiligeuza nikawapoteza? Simu zote ziko kwenye sanduku. Kitu gani kingine kitalia hapa?"

"Lakini utaratibu ndio huo."

"Achana na utaratibu, wewe sikiliza! Mbili, anangoja. Mbili, anangoja. Huyo ana akili. Huyo anaita mtu."

Na kweli alikuwa anaita mtu.

Mchana kutwa Profesa hakula. Alikaa mbele ya mtambo anacheka na kufuta machozi. Alasiri mlio ukaanza kuchelewa. Mwishowe ukaja mmoja peke yake, wa pili haukufuata.

Profesa akainamisha kichwa. "Wamekwenda," alisema. "Wameita siku nzima, hatukuwajibu."

Damari alikuwa bado anaangalia mitambo yake. Akasema taratibu, "Profesa, nyota tuliyoielekea ilizama nyuma ya kilima tangu saa nane, na mlio uliendelea. Haukutoka juu. Kuna simu huku chini ilikuwa inabipu."

Profesa akanyanyua kichwa, akakumbuka kitochi alichomwachia mama yake na kukisahau. Zamani, alipokuwa anasoma chuoni, mama yake hakuwa na salio. Alikuwa anambipu, yaani anapiga na kukata kabla hajapokea, mara mbili, kisha anangoja. Hiyo ilikuwa alama yao wawili: ni mimi, nipigie.

Akafungua sanduku, akachukua simu yake, akakimbia.

Alimkuta Bibi Foibe ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta karibu na mlango. Mwili ulikuwa haujapoa. Kitochi kilikuwa mkononi, kimekwisha chaji.

Majirani walikuwa ndio kwanza wanarudi kutoka mashambani na mavuno yao. Mmoja wao, mama mtu mzima, akaweka kapu chini na kusema, "Tungekuja sote, baba. Angetuita kwa simu gani, na zetu ziko sandukuni kwako?"

Profesa alikaa chini kando ya mama yake, akawasha simu yake. Taarifa zikaanza kuingia, moja nyuma ya nyingine: umetafutwa na Mama, umetafutwa na Mama, umetafutwa na Mama.

Mlio ule ulikuwa umerekodiwa. Baada ya mazishi wenzake walimshauri aufute, kwa kuwa si wa nyota. Hakuufuta. Ndiyo sauti ya mwisho ya mama yake aliyobaki nayo, na haina neno hata moja ndani yake.

Mama Swaumu alipofika hapo, nesi aliita jina la mwanangu, nikanyanyuka. Asubuhi iliyofuata, kabla sijawasha moto, nilimpigia mama yangu. Aliitika kwa hofu. "Kuna nini? Mtoto anaumwa?" Nikamwambia, "Hakuna kitu, mama, nimepiga tu." Halafu akasema, "Basi usikate kwanza."

Funzo: Mtu anaweza kutega sikio mpaka mwisho wa mbingu, na wa karibu naye akafa anamwita. Kabla hujamtafuta usiyemjua, mwitikie anayekupenda angali anaita.