Plau Haina Shingo

"Plau haina shingo, mlimaji anayo." Mmeisikia leo asubuhi, mjomba wenu alipotaka kumfukuza dada yake nyumbani kwa mstari mmoja wa Biblia na bibi yenu akamjibu hivyo. Nyinyi mkacheka, mkidhani ni habari za kilimo. Kilimo kimo, sikatai. Tulieni basi, kwa maana methali hii ilianza hivi.

Kijijini Mwabuluma, huko Usukumani ambako mashamba hulimwa kwa plau inayokokotwa na ng'ombe, aliishi mtu aliyeitwa Lushinge. Hakuwa mvivu hata kidogo. Shida yake ilikuwa kumaliza. Alianza nyumba ya matofali, ikakomea kwenye madirisha. Alianza mafundisho ya ubatizo mara tatu, na mara tatu akayaacha njiani, mpaka watu wakambandika jina la Nusu. Alikuwa akicheka pamoja nao walipomwita hivyo, lakini lilimuuma.

Mara ya nne alifika mwisho. Alibatizwa mwezi wa kumi, mvua zikinukia, na Jumapili iliyofuata Mchungaji Ndalahwa akasoma lile neno kwamba mtu aliyeshika plau kisha akatazama nyuma hafai kwa ufalme wa Mungu. Mchungaji alilisoma vizuri, akalisifu, akaketi. Waumini wengine waliondoka wakizungumzia mvua. Lushinge aliondoka akijua kwamba ametajwa yeye. Njiani akajiapiza: tangu atakapowafunga ng'ombe nira mpaka atakapowafungua, shingo yake haitageuka.

Sasa, kwetu mlimaji halimi peke yake. Mkewe humfuata nyuma na kikapu cha mbegu, akidondosha na kufukia kwa mguu. Kila baada ya hatua chache mlimaji hugeuka kidogo, na akiona mwenzake ameachwa mbali hupunguza mwendo. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Mtoto hulikuta likifanyika, naye akikua hulifanya.

Siku ya kwanza Nkwimba, mke wa Lushinge, alidhani wamekosana.

"Baba Milembe, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nalitii neno."

Akamweleza. Nkwimba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na tukifika mwisho wa shamba ukawageuza ng'ombe, kule nyuma si ndiko kunakuwa mbele?"

Swali hilo lilimnyima Lushinge raha. Kesho yake alikuja shambani na kofia pana ya ukindu, akaishusha hadi kwenye nyusi, asione chochote ila chuma cha plau na udongo unaopinduka. Nkwimba alicheka mpaka akakaa chini. Walilima hivyo siku mbili.

Siku ya nne walikuwa wakilima mfereji mrefu kuliko yote.

"Baba Milembe." Safari hii sauti haikuwa na kicheko. "Geuka. Kuna kitu kimeniuma."

Nisiwadanganye: Lushinge alisikia kila neno, na moyo ukamlipuka. Lakini alikumbuka zile mara tatu alizoacha mafundisho. Ya kwanza ilikuwa msiba, ya pili mafuriko, ya tatu homa ya mtoto. Kila mara alikuwa na sababu nzuri, na kila mara alibaki Nusu. Akaona kwamba hii ndiyo sababu nzuri ya nne.

"Nikifika mwisho nitakusikiliza," akasema, macho kwenye udongo.

Akaenda mpaka mwisho. Akawageuza ng'ombe, kofia ikiwa chini vilevile, akaanza kurudi kuelekea alikomwacha. Katikati ya shamba ng'ombe wakasimama. Akawapigia mluzi, hawakutikisika. Akawachapa, wakageuza shingo pembeni, wakagoma kabisa. Ndipo alipoinua kofia. Nkwimba alikuwa amelala ndani ya mfereji, mbegu zimemwagika, mguu umevimba, na alama mbili za meno ya nyoka, kifutu, zilionekana juu ya vidole.

Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na kutoka hapo wakampeleka zahanati kwa baiskeli. Aliishi. Vidole vitatu vya mguu havikupona, ikabidi vikatwe. Mganga wa zahanati hakusema kama ule muda wa kwenda na kurudi ndio uliovila vidole. Hakuulizwa, maana Lushinge aliogopa kumwuliza.

Nkwimba aliporudi nyumbani, Mchungaji Ndalahwa alikuja kuwapa pole. Lushinge hakungoja hata mgeni amalize maji.

"Mchungaji, mimi nilitii. Nimekosea wapi?"

Mchungaji akaweka maji chini. Alikuwa mtoto wa mchuuzi wa samaki, amekulia mjini sokoni.

"Nimekosea mimi kwanza," akasema. "Sijawahi kushika plau. Niliwasomea walimaji habari za plau, nikaketi bila kuzifafanua. Bwana alikuwa akisema na watu waliotaka kumfuata huku mioyo yao imebaki walikotoka. Hakuwa akisema habari ya shingo."

"Basi nitajuaje? Kuna neno la shingo na kuna neno la moyo, na yote yameandikwa kwa wino mmoja."

"Hilo hata mimi hunitesa," Mchungaji akajibu. "Lakini neno ukiliona linakupitisha mbali na mtu aliyeanguka, lirudie kulisoma. Huenda hujalisoma bado."

Nkwimba alikuwa amejilaza kwenye mkeka, mguu umeinuliwa juu ya kigoda.

"Mimi nilipolala pale," akasema, "niliwaona ng'ombe wakija. Waliponiona waligeuza shingo. Plau ndiyo haikugeuka, na sikuilaumu, maana plau haina shingo. Mlimaji anayo, Baba Milembe. Wewe unayo."

Lushinge akalia mbele ya Mchungaji, na hakuuficha uso.

Msimu uliofuata Nkwimba hakuweza kufuata plau. Alichechemea mpaka alipozeeka. Shemeji yake ndiye aliyepanda. Lushinge alimaliza shamba lote, na kila baada ya hatua tano aligeuka, hivi kwamba mifereji yake ilipinda na majirani wakaja kuitazama. Wakamwuliza ni ulevi gani huo. Hakukasirika. Aligeuka tena, akamwona mpandaji yuko salama, ndipo akawajibu, nasi tumelibeba jibu lake mpaka leo:

"Plau haina shingo, mlimaji anayo."