Wenye Nyayo Ndogo Kwanza

Porooo! Usiku wa manane kila mnyama alisikia, akakaa kitandani, akajua: kisima kimeporomoka tena.

Hiyo ilikuwa zamani sana, wanangu, zamani ambazo hata bibi zenu walihadithiwa tu, wanyama wakiwa na nyumba na vitanda na masufuria kama sisi. Mvua ilikuwa imegoma, mto umebaki mchanga mtupu, na maji yalipatikana kwa njia moja: Bibi Tembo achimbe shimo katikati ya mto, maji yachuruzike kutoka chini, polepole, ndipo wanywe. Lakini weee! Nyati na Kifaru waligombania kutangulia, huyu asukume, yule asukume, kingo za mchanga zibomoke, porooo, shimo lifukike, na wadogo warudi nyumbani na vibuyu vitupu.

Nguchiro mmoja, Mama Tunu, alikuwa na mtoto ambaye hajaonja maji siku mbili. Siku mbili! Midomo imepasuka, hata kulia halii tena, na mtoto aliyeacha kulia, wanangu, anatisha kuliko anayelia.

Asubuhi Bibi Tembo akaita mkutano.

"Nimechoka!" alisema. "Jana nimechimba mara tatu. Leo nachimba jioni, mara moja, basi. Tafuteni kiongozi wa kisima. Anayetaka aniambie: tukikufuata, tutaona nini ambacho leo hatukioni?"

"Mtaniona mimi!" Nyati akapiga kwato, di! di!

"Mtaona pembe hii," Kifaru akasema. "Inawatosha."

Mama Tunu akarukia juu ya jiwe. Hakujua aseme nini, basi akasema alichokisikia. "Mtaniona mimi!" Akapiga mguu. Tik.

Kicheko! Pundamilia alicheka mpaka akakaa chini. "Tumekuona, dada! Shuka usije ukaanguka!"

Bibi Tembo hakucheka. "Hayo ni maneno ya Nyati, mwanangu. Ya kwako yako wapi? Nenda ukayatafute, jioni uje nayo."

Akaenda nyumbani na aibu yake, akamkuta Tunu analamba sufuria kavu. Akakaa chini akajiuliza, hivi mimi nataka kuona nini? Si kutisha, maana hata nikitaka sitishi. Si kuonekana. Nataka kumwona Tunu akinywa. Halafu akasikia vifaranga wa Kanga wakihema nyumba ya pili, akasema, na hao. Na watoto wa Panya. Nataka kumwona mdogo wa mwisho akinywa maji ambayo bado ni safi! Akalisema neno hilo kwa sauti, akalirudia, likawa lake.

"Tunu, inuka. Tunakwenda."

"Mama, Nyati atatukanyaga."

"Hata mimi naogopa. Inuka hivyo hivyo."

Walipofika, jua lilikuwa bado kali na shimo ndiyo kwanza limechimbwa, maji yanang'aa chini. Nyati huyo anakuja mbio! Kifaru huyo! Mama Tunu akaruka katikati yao.

"Afadhali mmekuja, wakubwa! Watu wanawasema vibaya. Eti atakayekunywa wa kwanza leo, huyo ndiye kiu imemshinda. Nikawaambia nyamazeni, Nyati wetu hashindwi na kiu!"

Kwiii! Nyati akafunga breki. "Nani kashindwa? Mimi? Atangulie Kifaru, ndiye anayetoa ulimi nje."

"Ulimi wangu unapunga upepo," Kifaru akajibu. "Tangulia wewe, mzee, tunaona ulivyokauka."

"Sitangulii!"

"Hata mimi!"

Wakasimama wanatazamana, wamevimba. Mama Tunu akageuka, akapaza sauti, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe: "Haya! Wenye nyayo ndogo kwanza! Panya, njoo na wanao. Kanga, shika vifaranga, pembeni pale, taratibu. Tunu, nyuma ya Kanga."

Gu, gu, gu. Tunu alikunywa mpaka tumbo likawa kama ngoma, kisha, wanangu, akalia! Alilia kwa nguvu zote za mtoto aliyepata maji, na mama yake akafuta macho haraka haraka, maana foleni ilikuwa bado ndefu. Swala wakanywa. Ngiri wakanywa. Pundamilia akanywa, bila kumtazama mtu.

"Bado sina kiu," Kifaru alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Mimi ndiyo kabisa," Nyati akasema, akayumba.

Wa mwisho alipotoka, Mama Tunu akawaambia, "Sasa inameni pamoja. Moja, mbili, tatu." Wakainama. Maji yalikuwa matamu, baridi, hayana tope hata chembe, na kingo zimesimama.

Nyati akainua kichwa, akaona foleni imekwisha, akaelewa. "Wewe! Umetuchezea!" Di! Kwato ikatua karibu na mkia wa Mama Tunu. Magoti yalimtetemeka. Hakuondoka.

"Ndiyo, nimewadanganya. Kesho sidanganyi, kesho nasema wazi: wadogo kwanza. Nyayo zao hazibomoi mchanga, zenu zinabomoa, na mkibomoa hata nyinyi mnakunywa tope. Nataka wa mwisho akute maji safi. Leo wa mwisho ni nyinyi, kaka Nyati. Umekuta nini?"

Nyati akatazama maji. Akatazama kwato zake.

"Safi," akanung'unika.

"Leo nimechimba mara moja tu," Bibi Tembo akasema. "Kiongozi wangu ni huyu." Na wote wakaitikia, hata Pundamilia.

Basi wanangu, anayetaka kuongoza atafute kwanza anachotaka kukiona yeye mwenyewe, kisha asimame hapo hapo hata akitetemeka.

Watu walipotawanyika Nyati alibaki nyuma, akamwinamia Mama Tunu sikioni. "Dada, nina wakwe ng'ambo ya kilima. Wakisikia nimesimama juani na kiu yangu kwa maneno ya nguchiro, nitaweka wapi uso?"

"Waliokuwepo wameshaona, kaka," Mama Tunu akasema. "Lakini kwa mdomo wangu mimi, naapa, hatajua mwingine."