Sketi ya Bibi Kadzo na Meza ya Mfalme

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa joto!

Sogeeni basi, lakini msiukaribie moto sana. Hadithi yenyewe ina joto la kutosha.

Hapo kale, jua lilipokuwa bado halijafundishwa adabu, palikuwa na nchi ikiitwa Jotoni. Kuku wa Jotoni walitaga mayai yaliyokwisha chemka. Mbuzi ukimkama, maziwa yalitoka moto, ukitia majani ni chai. Na katika nchi hiyo hiyo, Mfalme alitoa amri kwamba mwanamume hafiki mbele yake bila suruali nyeusi ya sufi, nzito, kutoka nchi za barafu. Eti ndiyo heshima. Heshima ya nani, hakuna aliyeuliza. Kuuliza kuliitwa utovu wa nidhamu.

Huko aliishi kijana Chengo na bibi yake Kadzo aliyemlea. Chengo alikuwa msomi. Alisoma habari za maji: maji ya juu, maji ya chini, maji kwa Kiswahili, maji kwa Kizungu, mpaka akapewa digrii. Kisha akarudi nyumbani kukaa. Akakaa. Akakaa tena. Bibi Kadzo, na magoti yake yanayolia kama mlango mbovu, ndiye aliyewatekea watu maji ili wawili hao wapate ugali. Kila bibi akiinua ndoo, Chengo aliona aibu mpaka kwenye kucha.

Siku moja mbiu ikalia: Mfalme anataka Mtunza Kisima. Chengo akajiambia, hii ni yangu, nikiipata bibi hatabeba ndoo tena. Ila mtu alihojiwa mara tatu tu. Akifeli ya tatu, asionekane tena pale.

Basi akavaa suruali ya sufi aliyoachiwa na babu yake. Suruali ile ilikuwa na mdomo, na kwa kuwa imetoka ughaibuni ilijidai kweli. Alipofunga tu mkanda, ikaimba:

*Ai em taiti, nabana, nabana,*
*mapaja ya Chengo nayatafuna!*

Imbeni basi.

— Nabana, nabana!

Kwenye lango la Mfalme alisimama bawabu Beberu, mbuzi dume mwenye tai shingoni. Akainusa suruali, akaridhika. Akauliza uzoefu wa kazi. Chengo akasema hana, kwani hajapewa kazi ya kumpa uzoefu. Beberu akamwambia angoje juani.

Chengo akangoja juani. Jasho likatoka kichwani, likashuka mgongoni, likaijaza suruali, akitembea inalia chubwi, chubwi. Ndani, wazee wa baraza walikuwa wamevaa sufi wanahema kama mbwa. Mfalme peke yake alikuwa mkavu, anatabasamu, ameketi nyuma ya meza kubwa iliyofunikwa kitambaa mpaka chini. Akamwuliza kijana jina lake nani.

"Maji," Chengo akajibu, akaanguka puu. Wakambeba nje.

— Nabana, nabana!

Ndiyo. Akarudi mara ya pili. Suruali ilikwisha lowa, ikakauka, ikarudi ndogo, na bado inaimba. Safari hii Chengo alikunywa mtungi mzima kabla ya kutoka, na kila swali akalijibu kwa ufasaha. Mfalme akatikisa kichwa kwa kuridhika. Chengo akaanza kumwona bibi yake amekaa kivulini, amekunja miguu.

Ndipo ikalia pembe.

Desturi ya pale, watoto, ilikuwa hivi: Mfalme akitaka kuinuka, pembe hupigwa kwanza, na watu wote huinama mpaka uso uguse sakafu, wasiinuke hadi ametoka. Hakuna aliyewahi kumwona Mfalme amesimama. Basi pembe ikalia, Chengo akainama, na suruali ya babu ikasema chaaaa! Kutoka mbele mpaka nyuma. Beberu alicheka hadi akameza tai yake. Baadaye ikaletwa hukumu kwamba asiyeweza kutunza suruali hawezi kutunza kisima.

Siku ya tatu Chengo hakuinuka kitandani. Alisema hana suruali, hana kazi, ana digrii tu, na digrii haifuniki makalio.

Bibi Kadzo akamtazama. "Mjukuu wangu, hiyo miguu yako imewahi kukuambia inataka sufi?"

"Hapana, bibi."

"Basi inyanyuke."

Akamvika sketi yake ya arusi, ya pamba nyepesi, yenye marinda tele. Na sketi nayo ikaimba, polepole:

*Napepea, napepea,*
*upepo ingia, upepo tembea.*

Njiani watu walimwita shangazi, wakamwita bi harusi. Chengo alitamani ardhi impasukie. Lakini alipofika langoni akagundua jambo: hana tone la jasho. Akili yake yote ipo. Na Beberu, bila tai na bila kutazama juu, akaiona sketi akasema, "Shikamoo, mama, pita," maana sheria ya sufi ilikuwa ya wanaume.

Mfalme alipomwona alivimba kama chura. Akasahau pembe. Akaruka wima amnyooshee kidole, na kabla mtu hajainama, baraza zima likaona.

— Likaona nini?

Likaona sketi. Ya buluu, ya maua meupe, na ndani yake miguu ya Mfalme imepakwa mafuta, imestarehe, haijui jasho.

Mzee mmoja akasema, "Kumbe," akaanza kufungua mkanda.

Mfalme akakohoa. Akasema hilo ni vazi jipya la taifa, yeye alikuwa akilijaribu kwa niaba ya wananchi. Halafu akamgeukia Chengo. "Wewe umevaa sketi tangu lini?"

"Tangu asubuhi, Mtukufu."

"Uzoefu mdogo. Kazi hii sasa inataka mtu aliyevaa sketi miaka na miaka."

— Aaaa!

Ndivyo walivyo wakubwa, msishangae. Lakini mlangoni palikuwa na mtu. Bibi Kadzo alikuwa amefuata sketi yake, Chengo asije akairudisha imechanika kama ile suruali.

"Mimi navaa sketi tangu baba yako anatambaa," akasema.

Wazee wakaangua kicheko. Mfalme alikwisha fungwa na ulimi wake mwenyewe, akampa bibi funguo za kisima.

Bibi akaketi kivulini, akakunja miguu, akatangaza kwamba anataka msaidizi. Intavyuu ilikuwa swali moja. "Unajua kuteka maji, mjukuu wangu?"

"Najua, bibi."

"Shika ndoo."

Ile suruali ikasokotwa kata, Chengo akaitia kichwani chini ya ndoo. Huko ikaendelea kuimba nabana, nabana, lakini sasa inayobanwa ni yenyewe.

Kwa hiyo, wanangu, vaeni kufuatana na jua lenu. Na mkubwa yeyote akiwaamuru mtoke jasho kwa ajili ya heshima, msibishane naye. Msubirini asimame.

Hadithi yangu imevua suruali, imeingia kulala.