Picha ya Miti Iliyogeuka Rangi

Barazani kwa Sultani Mudhafari bin Ghanimu, mtawala wa mji wa Marjani, walikuwapo: Sultani mwenyewe, Waziri Sarhani bin Dahmani, Kadhi Abdulbari, Bi Nargisi binti Davari, suria wa marehemu baba yake Sultani, aliyeletwa kutoka nchi za baridi akiwa mwari, na mchoraji mgeni, Farhadi, mikono imefungwa.

Mbele yao palikuwa na picha ya chaki za rangi: msitu mwekundu na wa manjano, na majani yametapakaa njiani.

"Maulana, huu ni uchawi," alisema Waziri. "Mvua imetukawia miezi miwili, na huyu atuchorea miti inayokufa!"

"Ni kwetu tu, Maulana," alijibu Farhadi. "Kila mwaka huwa hivyo."

"Kumbe miti ya kwenu hujitia hina!" Kadhi alicheka.

Bi Nargisi akaisogelea picha. Ukungu wa mlimani ulikuwa umepakwa kwa kidole, na alama ya kidole ingalipo. Na katika dimbwi la njiani mchoraji hakusahau kutia kipande cha mbingu. Akamgeukia Sultani.

"Mwanangu, miti hii haifi. Imo katika kulala."

"Bibi amezeeka," alisema Waziri, "kila aonacho ni kwao."

"Mama," alisema Sultani, "nionyeshe mti unaokufa ukafufuka, nimwachilie. La sivyo, adhuhuri atakatwa kichwa."

Bi Nargisi akaisugua pete aliyokuja nayo kutoka kwao, na Barkashi, jini mtumwa wa pete ile, akasimama mbele yake, akasema: "Bibi, imebaki amri moja. Umeiweka miaka arubaini ili nikurudishe kwenu."

"Najua. Lete mti."

Na mara mti mwekundu ukasimama juu ya zulia, ukapukutika wote, ukabaki mifupa, kisha ukachipua kijani mbele ya macho yao. Na jini akatoweka, na pete ikawa chuma kitupu.

Sultani akamfungua Farhadi kwa mkono wake, akamvika joho, akampa mali, na baadaye akamwoza binti wa Waziri, kwa ridhaa ya binti mwenyewe.

"Mama, mbona hukuniambia wataka kwenda kwenu?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Sultani akainamisha kichwa, kisha akaamuru msafara utayarishwe, na picha itundikwe chumbani kwake Bi Nargisi mpaka siku ya safari. Basi aliyesoma haya na amuulize mzee wa nyumbani kwake anatamani nini, maadamu yupo.

Msafara ulikuwa tayari Alhamisi, tarehe tisa ya mwezi wa Rajabu. Bi Nargisi binti Davari alifariki jana yake, Jumatano.