Viatu vya Ko-ko-ko vya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa wanavaa viatu. Msinitolee macho, walikuwa wanavaa! Na wewe uliyekaa nyuma pale usicheke, maana umevua vyako kabla hata sijafungua mdomo, na sababu naijua. Vinakubana. Basi tulia, hadithi hii ni yako.

Kando ya mto palikuwa na hoteli ya Bwana Kiboko, jina lake Tule Tuvuke. Asubuhi palikuwa na uji wa ulezi na maandazi, mchana ugali na kisamvu, jioni chai ya tangawizi na mihogo. Kila msafiri aliyevuka mto alipita hapo. Wahudumu walisimama tangu jua linachomoza mpaka linazama, kupeleka vikombe, kurudisha vikombe.

Bwana Kiboko yeye hakusimama. Alilala zake mtoni, macho kayafumba, pua tu ndiyo iko juu ya maji.

"Mkubwa," wageni walimwuliza, "unajuaje kama watu wako wanafanya kazi, na wewe umefumba macho?"

"Nina masikio!" alijibu Kiboko. "Sikilizeni."

Ko! Ko! Ko! Ko!

Hivyo vilikuwa viatu. Kiboko aliwavalisha wahudumu wake wote viatu vya soli ya mti wa mninga, vigumu, vyembamba mbele, vyenye mlio unaofika hadi ng'ambo. Viatu vikilia, mtu yuko kazini. Vikinyamaza, mtu amekaa. Na aliyekaa, kwaheri, kazi hana.

Kila mwaka baada ya mavuno Fundi Kobe alikuja kuchukua oda ya viatu vipya, na Kiboko alikuwa na namna yake ya kuchagua. Alikaa kitini asubuhi na mapema, mguu umetoka majini, umepoa na kunywea. Akauchomeka ndani ya kiatu, akautazama, akauchomoa.

"Safi kabisa! Watengenezee wote hivi hivi."

"Mkubwa, wangesimama kwanza wakajaribu," Kobe alisema kila mwaka.

"Wasimame wa nini? Si watasimama mwaka mzima?"

Akacheka mwenyewe, PWAHAHA, akarudi majini.

Mhudumu wa siku nyingi kuliko wote alikuwa Bi Korongo. Kiotani alikuwa na makinda wanne, na wote wanne midomo wazi kutwa nzima. Vidole vyake vilikuwa vimevimba vibaya. Akipata nafasi, alijibanza nyuma ya mtungi wa maji, akakunja mguu mmoja ndani ya manyoya, na kwa ule mwingine akapigapiga chini, ko, ko, ko, ili Kiboko asikie. Kisha anabadilisha.

Mwaka mmoja akaajiriwa Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mdogo wa kwenye mawe, mviringo, asiye na mkia. Ana miguu minne, kwa hiyo alipewa jozi mbili za mateso.

Siku yake ya kwanza, hata mchana haujafika, akaja nyuma ya mtungi anatambaa.

"Yalaa! Shangazi, hivi ni viatu au mitego?"

"Utazoea, mwanangu," alisema Bi Korongo.

"Wewe umezoea?"

Bi Korongo alibadilisha mguu, na katika kubadilisha akapepesuka. Ko... ko... kimya... ko.

PWAAA! Maji yakapasuka. Kiboko huyo, kichwa nje.

"Nani anachechemea huko?"

"Ni mimi, Mkubwa," Bi Korongo alisema.

"Keshokutwa ni sherehe ya mavuno. Siku hiyo viatu vyako vikinyamaza hata mara moja, usirudi tena hapa! Nitatafuta mwenye miguu mizima."

Chubwi! Akazama. Bi Korongo akalia machozi, akajifuta kwa bawa.

"Wanangu watakula nini, Pimbi? Kazi nyingine siijui. Na miguu hii siku nzima ya sherehe haiwezi."

Pimbi alisikia uchungu, akasikia na hasira. Akajikuna sikio la kulia, akajikuna la kushoto. Halafu akatelemka mtoni.

"Shikamoo, Mkubwa!"

"Marahaba. Unataka nini?"

"Aa, sitaki kitu. Kuna maneno nimeyasikia kwa wageni, lakini utakasirika."

"Sikasiriki! Wanasemaje?"

"Wanasema viatu vya hoteli hii ni vya heshima, hakuna mfano."

"Kweli kabisa."

"Halafu wanauliza, mbona mwenye hoteli yuko pekupeku?"

"Pekupeku! Mimi!" Kiboko akatoka majini mzimamzima.

"Na wanasema mwenye hoteli mkubwa hasa, siku ya sherehe husimama mlangoni mwenyewe, akipokea mgeni wa kwanza mpaka wa mwisho. Lakini mimi nikawaambia, mwacheni Mkubwa wetu, kusimama ni kazi ngumu, hataweza."

"Hataweza nani?" Kiboko alifoka mpaka ndege wakaruka. "Sikilizeni nyote! Keshokutwa nitasimama mlangoni na viatu vya mninga mpaka mgeni wa mwisho apite. Nikikaa kabla, mniite chura! Kobe yuko wapi?"

Fundi Kobe alikuwa palepale. Tangu juzi alikuwa anaondoka, na alikuwa bado hajafika kwenye geti.

Asubuhi iliyofuata Kiboko akakaa kitini, miguu imepoa. Akachomeka mmoja, akachomoa.

"Safi kabisa! Jozi mbili, kwa kesho!"

"Mkubwa, ungesimama kido..."

"Kobe!"

"Haya."

Pimbi alimfuata Kobe pembeni, akamnong'oneza. "Fundi, tengeneza na jozi nyingine mbili za siri. Soli ya mpira, nene. Mbele pana, vidole vichezecheze. Na kwa kipimo cha leo ongeza upana wa kidole gumba."

"Hivyo vya pili nimletee lini?"

"Kesho alasiri uwe nyuma ya mtungi. Ukivimaliza tu, anza kutembea."

Halafu Pimbi akakimbia kwao maweni. Akawakusanya ndugu, binamu, mashemeji, wote sitini, wote wa mviringo, wote bila mkia.

"Jamani, kesho kwenye sherehe uji ni wa bure. Mnaingia mlango wa mbele, mnamsalimu Bwana Kiboko kwa adabu, mnakunywa, mnatokea jikoni. Mkitoka, mnazunguka mawe, mnarudi mlango wa mbele."

"Mara ngapi?" aliuliza binamu mmoja mwenye sikio lililochanika.

"Mpaka niseme basi."

Sherehe ikafika. Kiboko kasimama mlangoni, kifua mbele, viatu vinang'aa. Ko! Ko! Akapiga hatua mbili ili watu waone.

"Shikamoo, Mkubwa!"

"Marahaba, karibu ndani!"

Wakapita swala, wakapita punda milia, wakapita ngedere na watoto wao. Wakaanza pimbi.

"Shikamoo, Mkubwa!" "Marahaba!" "Shikamoo, Mkubwa!" "Marahaba!"

Saa nne Kiboko alikuwa anatabasamu. Saa sita tabasamu lilikuwa limekauka. Saa nane jasho linamtiririka, miguu imefura, na mninga ni mninga, hautanuki. Alijaribu kuegemea nguzo, nguzo ikalia krrr, akaiacha.

"Pimbi," alisema kwa sauti ndogo, "ukoo wenu mko wangapi?"

"Tumebarikiwa, Mkubwa. Tabasamu, wageni wanakuangalia."

"Shikamoo, Mkubwa!"

"Mara... aaah... haba."

Huko ndani, Bi Korongo naye alikuwa anahesabu hatua zake. Ko, ko, ko. Kila hatua moto. Alikuwa amejiapiza kwamba viatu havitanyamaza, afe asife.

Saa tisa ikapiga. Mlangoni akatokea mgeni mmoja mwenye ndevu za uji.

"Shikamoo, Mkubwa!"

Kiboko akamkazia macho. "We! Wa sikio lililochanika! Si ulishapita?"

"Nimepita mara sita, Mkubwa. Uji mtamu."

Ngedere mmoja akacheka, na hoteli nzima ikaangua kicheko.

"PIMBIII!" Kiboko alinguruma. Akaruka kumkamata. KO! "Aaai, mama yangu!" Hatua ya pili, KO! "Nakufa!" Akasimama, mguu mmoja juu, machozi yanamlengalenga. Kukaa hawezi, ataitwa chura. Kutembea hawezi. "Umenidanganya!"

Pimbi alirudi nyuma hatua tatu, maana ujanja ni ujanja na kiboko ni kiboko.

"Kuhusu wageni nimekudanganya, Mkubwa. Lakini viatu sikukuchagulia mimi. Umevichagua mwenyewe, umekaa."

Hapo ndipo wote walipogundua kitu. Ndani ya hoteli hakuna ko wala ko. Bi Korongo alikuwa amesikia kilio, akavirusha viatu vyake kule, akaja mbio pekupeku na beseni la maji moto yenye chumvi.

"Weka mguu humu, Mkubwa. Mmoja mmoja. Utapata nafuu."

Kiboko akautia mguu, kiatu na vyote, akashusha pumzi. Ndipo akakumbuka.

"Bi Korongo. Viatu vyako vimenyamaza."

Wageni wote wakasogea karibu. Hata Pimbi alisahau kujikuna.

"Ndiyo, Mkubwa," alisema Bi Korongo. "Ningekuja navyo ningechelewa."

Kiboko akainama. Kwa mara ya kwanza tangu afungue hoteli, akaitazama miguu ya Bi Korongo. Aliona vidole vilivyopinda, kucha zilizoota upande, malengelenge juu ya makovu.

"Ndiyo miguu uliyokuwa unanihudumia nayo?"

"Ndiyo hiyo hiyo, Mkubwa."

"Mimi nimesimama siku moja, na bado haijaisha," alisema Kiboko. Aliona haya, wanangu, haya ya kweli, ile inayoshika hadi masikio. "Bi Korongo, nisamehe. Kazi ni yako. Na leo mniite chura, nakaa."

Akakaa, PUUU! Wakamvuta viatu watu kumi, vikatoka pyoo, pyoo, pyoo, pyoo.

Nyuma ya mtungi ikasikika sauti ya pole pole. "Nimefika." Ni Fundi Kobe, na viatu vya mpira. "Ila mara hii, Mkubwa, simama kwanza."

Kiboko akasimama. Akatembea. Akazunguka hoteli mara tatu, vidole vinacheza ndani, uso unafunguka.

"Loo! Kama nakanyaga tope la mtoni! Kobe, watengenezee wote. Ila kila mmoja achague vyake mwenyewe, jioni baada ya kazi, mguu ukiwa umeshachoka, na asimame navyo kabla ya kusema ndiyo." Halafu akakunja uso. "Lakini hivi havilii. Nitajuaje kama mnafanya kazi?"

"Hilo niachie mimi," alisema Pimbi haraka. "Nitafunga njuga. Utazisikia kutwa."

Akazifunga kweli. Zilikuwa njuga kumi na mbili, na hakuzifunga mguuni kwa mtu. Alizitundika kwenye tawi karibu na jiko, pale upepo wa mto unapopita. Cheng'ele, cheng'ele! Kiboko majini akawa anatabasamu, macho kayafumba. "Leo wanachapa kazi kweli kweli!" Na kweli walichapa kazi, chai ilifika ingali moto kuliko zamani. Ila wageni wakipungua, kila mtu alivuta kigoda akapumzika kidogo, na njuga zikaendelea.

Jioni ile Bi Korongo alipochagua viatu vyake, alisimama katikati ya hoteli kwa miguu yote miwili, hajakunja hata mmoja, akasahau kabisa kwamba watu wanamtazama. Makinda wake walikula wakashiba, mwaka ule na miaka iliyofuata.

Nanyi mkimwona korongo amesimama kwa mguu mmoja, msimcheke. Huyo bado anavaa viatu alivyochaguliwa na mtu aliyekaa.

Hadithi yangu naivua hapa, na funzo lake ni hili: kiatu cha kusimamia kutwa achague yule atakayesimama nacho.